Nilimlazimisha Mchora Tatuu Atumie Sindano ya Rafiki Yangu, Sasa Naogopa Kula na Wajukuu

Admin, jina langu lifiche, na mtaa usiutaje. Nyie mnaosoma wengi ni umri wa wajukuu zangu, kwa hiyo marahaba. Mimi ni mzee wa miaka 71, niko Ilemela, mke wangu alishafariki, naishi na mwanangu wa mwisho, mke wake na watoto wao watatu. Shule niliishia darasa la pili ila hii naandika mwenyewe kwa kidole changu, maana hakuna mtu wa kumtuma.

Ujana wangu nilicheza ngoma ya nyoka. Chatu nimemvaa shingoni kama nyie mnavyovaa mitandio, ulizeni wazee. Hospitali sijalazwa, sindano yao siijui. Chale za dawa ya nyoka tulichanjwa kundi zima kwa wembe mmoja, na ndivyo ilivyotakiwa, ukitaka wembe wako peke yako wanakuona una jambo na wenzako.

Kundi lile tumebaki wawili, mimi na rafiki yangu wa ng'ambo ya ziwa kule Kamanga. Miezi mitatu iliyopita alivuka kunisalimia, tukaenda mjini, tukaona vijana wamejichora chatu mikononi. Rafiki yangu akasema, "Hawa hata mjusi wanamkimbia, halafu wanavaa nyoka wetu?" Tukaingia kibandani kwa mchoraji. Akachorwa yeye kwanza. Zamu yangu ilipofika kijana akasema, "Mzee subiri nifungue sindano mpya." Nikamwambia, "Weka hiyohiyo. Huyu ni mwenzangu wa wembe mmoja, wewe nani ututenganishe?" Akasema, "Babu, hairuhusiwi, kuna magonjwa." Nikamgombeza mpaka wapita njia wakachungulia. Akanichora na ileile. Msimlaumu, nilimlazimisha.

Mkono ulivimba, ukatoa usaha, ukapona. Nikatamba kweli. Halafu mwezi uliopita mke wa rafiki yangu akanipigia. "Shemeji, mwenzako tumbo limejaa maji, macho ya njano. Wamempima wakakuta homa ya ini, wanasema anayo siku nyingi. Daktari anauliza nani amegusana naye damu."

Nikamjibu, "Sasa mimi na yeye damu zetu zimekutana wapi?" Nikakata simu.

Tangu hapo sina raha. Kila asubuhi naangalia macho yangu kwenye kioo, leo naona meupe, kesho naona ya njano. Tumbo nalipima kwa mkanda wa suruali. Na kabla ya hapo nilikuwa nakula sinia moja na wajukuu, nawamegea sato mwenyewe. Sasa nimesema nataka sahani yangu, kikombe changu, na wasiniguse. Sikusema sababu.

Mkwe wangu akavumilia siku kadhaa, mwisho akapiga magoti akilia. "Baba, kama unahisi nakutilia kitu kwenye chakula, sema, nirudi kwetu." Nilitaka kumwambia. Kiburi kikanikaba, nikasema, "Mimi nakula ninavyotaka, hapa ni kwangu." Kesho yake akabeba watoto wake watatu akarudi kwao. Mwanangu hanisemeshi. Huko kwao imeshavuma kwamba mzee amemwita mkwe wake mchawi, na Jumapili baba yake anakuja kutaka maelezo.

Juzi nilifika zahanati, mpaka dirishani. Nesi akasema, "Shikamoo babu, nikusaidie nini?" Mimi niliyeshika chatu, nikamjibu kuna mtu namtafuta, nikageuka. Sijui nina ugonjwa au sina. Sijui kama nimewaambukiza watoto kwa lile sinia kabla sijaacha.

Nishaurini wanangu. Kwamba nikapime nalijua, msirudie hilo. Nawauliza mtu anasemaje pale dirishani, neno la kwanza kabisa, na Jumapili nikikaa mbele ya yule baba nianzie wapi. Yule binti hajanikosea kitu.