Hodi ya Sop Sop

Jambo la kwanza ambalo mgeni huliona kwa Owori ni kwamba hupiga hodi mahali ambapo ni pake mwenyewe. Hupiga hodi mlangoni pa ofisi yake mjini Tororo, na ufunguo wa ofisi hiyo anao yeye peke yake mfukoni. Hupiga hodi nyumbani kwake Busia, na hata kwenye jiko la nje ambamo hamna mtu ila kuku. Akishapiga, husimama. Huinamisha kichwa kidogo upande wa kulia, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani, ndipo huingia.

Mkewe, Peninah, muuza samaki wakavu wa Majanji, zamani alicheka, sasa amechoka.

"Baba Felistus, nani akukaribishe?" humwuliza. "Mwenye nyumba si ni wewe? Ama kuna mke mwingine humo ndani nisiyemjua?"

"Hodi haiumizi mlango," Owori hujibu.

"Siku moja utajibiwa, nami nitarudi kwetu Masinya na sufuria zangu zote."

Owori hatabasamu. Siku hiyo anayoitania mkewe ilikwisha kupita.

Yeye si mtu mkubwa. Kazi yake katika ofisi ya manunuzi ni kuhakiki maneno ya wazabuni. Anayeomba kujenga barabara au darasa kwa fedha za umma hutakiwa kutenga sehemu ya kazi kwa vikundi vya wale wanaosahauliwa: wanawake, vijana, watu wenye ulemavu. Akikosa kikundi, hafukuzwi papo hapo. Huruhusiwa kueleza jinsi alivyotafuta kwa nia njema asipate. Hapo ndipo Owori huitwa. Ni juu yake kupima kama mtu alitafuta kweli, au alitafuta kama mtoto aliyetumwa chumvi katikati ya mchezo: huchungulia duka moja, kisha hurudi mbio akisema imekwisha.

Barabara iliyoleta mambo haya ni ile inayopita Sop Sop. Kando yake wanaishi wanawake wa kikundi cha Abbo, ambao kazi yao ni kuponda mawe kwa nyundo hadi yawe kokoto. Abbo mwenyewe, mwenyekiti wao, alikuwa mjane mwenye sauti nzito ya kukwaruza, kwani vumbi la mawe lilikuwa limemkaa kooni miaka mingi. Wapima barabara walipopita na kamba zao, Abbo aliwaambia wenzake, "Madaraja haya yatataka kokoto, na kokoto ni sisi." Wakaacha kuuzia watu rejareja. Wakaponda na kurundika, wakaponda na kurundika, mpaka rundo likawa refu kuliko paa la jiko. Walitia humo nguvu zao zote na ada za watoto wao. Barabara ikijengwa kwa mawe ya kwingine, rundo lile litabaki kuwa kilima cha mbuzi.

Mzabuni mwenye bei nafuu kuliko wote alikuwa Egau, mkandarasi mchangamfu anayecheka kabla ya kusema. Maelezo yake yalikuwa mafupi: alifika Sop Sop, akazungumza na mwenyekiti wa kikundi, mwenyekiti akakataa kazi. Kwa hiyo kokoto ataileta kwa lori kutoka kwingine.

"Nenda ukamwulize huyo mwenyekiti," alisema Harriet, anayeongoza kamati ya zabuni. "Akisema alikataa, tunafunga shauri."

Owori alifika Sop Sop adhuhuri, jua likiwa utosini. Aliliona rundo la kokoto kabla ya kuiona nyumba. Majani yalikuwa yameanza kuota pembeni mwake. Uani palikuwa pamefagiliwa, lakini hapakuwa na mtu. Alisimama mbele ya nyumba, akavua kofia, akapiga hodi.

Kimya. Akapiga tena.

"Karibu," ikajibu sauti kutoka ndani, sauti ya mwanamke, nzito, ya kukwaruza. "Ingia ukae."

Owori aliushika mlango, akasukuma. Haukufunguka. Akasukuma kwa bega, na kitu cha chuma kikagonga mbao. Alipotazama chini aliona kufuli. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje.

"Baba, unasukuma mlango wa marehemu?"

Aligeuka. Msichana alikuwa amesimama nyuma yake, dumu la maji kichwani, akimtazama kama mtu anayemtazama mwivi ambaye si hodari.

"Nimekaribishwa," alisema Owori.

"Na nani?"

"Na... si kuna mtu ndani?"

Msichana alitua dumu polepole. "Mimi ni Dorah. Nyumba hiyo ni ya mama yangu, Abbo. Tulipomzika tuliifunga, na ufunguo huu hapa shingoni. Alikuwa anaongeaje, huyo aliyekukaribisha?"

Owori alirudi nyuma, mbali na mlango. Dorah hakumwuliza tena. Alimletea kiti kivulini, akamimina maji katika kikombe, akamwambia, "Kunywa, baba. Jua kali."

Alipopata nguvu ya kuuliza, Owori aliuliza kuhusu Egau. Dorah hakumjua, ila alijua gari. Mama yake alikuwa amezikwa Jumamosi. Jumapili, siku ya pili ya matanga, wote walikwenda kanisani kumwombea, na bibi mmoja jirani, aliyebaki kwake kwa sababu ya miguu, aliona gari jeupe likisimama barabarani. Mtu aliita kutoka dirishani mwake, kisha gari likaondoka.

"Hakuacha neno?"

"Neno gani, baba? Hata pole hakuacha."

Tarehe ya Jumapili ile ndiyo Egau aliyoitaja katika maelezo yake. Njia nzima ya kurudi Tororo, pikipiki ikiruka mashimo, Owori alihisi kana kwamba kuna mtu ameketi nyuma yake. Hakugeuka kutazama.

Harriet aliposikia kwamba mwenyekiti alikuwa kaburini siku aliyodaiwa kuzungumza, alipiga makofi ya furaha.

"Basi tumemaliza! Mtu amedai kuongea na maiti. Andika kwamba ni mwongo, tumtoe, twende nyumbani."

"Ngoja nimsikie mwenyewe kwanza," alisema Owori.

"Usikie nini? Unataka na marehemu aje ofisini atie sahihi?"

Owori alingoja. Egau alikuja asubuhi yake, akicheka tangu mlangoni, lakini alipoambiwa kwamba Abbo alikuwa amekufa, kicheko kilimtoka usoni kama maji yanavyotoka katika kitambaa kinachokamuliwa.

"Mzee Owori, mimi hapana danganya," alisema. "Nilipiga hodi. Nikauliza, mwenyekiti yuko? Mwanamke akajibu toka ndani: Ndiye mimi. Tumechoka. Nendeni."

"Sauti ilikuwaje?"

"Nzito." Egau alijishika koo. "Ya kukwaruza, kama mtu amemeza mchanga. Mzee, usinitazame hivyo. Nilisikia!"

Owori aliweka kalamu chini. Alikuwa hajamwambia mtu yeyote juu ya sauti ile, wala Harriet wala Peninah. Sasa alijua jambo ambalo hakutaka kulijua: Egau hakuwa mwongo. Ingekuwa rahisi kuandika neno hilo moja. Wanawake wa Sop Sop wangepata haki yao, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini angekuwa amewapatia haki kwa uongo, na aliyemkaribisha kule, yeyote yule, angejua.

Na akiandika kwamba Egau alisema kweli, kokoto ya Abbo ingebaki kuwa ya mbuzi.

Alivuta kiti karibu. "Egau, ulipiga hodi ukiwa umesimama wapi?"

"Barabarani. Ndani ya gari."

"Ulizima gari?"

"Nilikuwa na haraka, mzee."

"Uani uliona nini?"

Egau alitazama viatu vyake. "Turubai. Viti. Moto ulikuwa unatoa moshi."

"Moto wa matanga."

"Ndiyo."

"Kwenu, mtu akikuta moto wa matanga hufanya nini?"

"Hushuka," alisema Egau kwa sauti ndogo. "Huingia, hutoa pole, huketi kidogo." Kisha akainua uso. "Lakini mimi niliheshimu kilio chao! Nitaingiaje na habari za kokoto kwa watu wanaolia?"

"Vyema. Ulirudi matanga yalipokwisha?"

"Nirudi kufanya nini? Nilikwisha jibiwa."

"Na ulipojibiwa nendeni, moyo wako ulisemaje?"

Egau alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyezoea kusamehewa. "Tuseme ukweli, mzee? Nilishukuru Mungu. Vikundi hivi vina maneno mengi. Mimi lori yangu haina maneno."

Owori hakuuliza tena. Walimu walimfundisha utotoni kwamba nia njema ni tabibu, naye alikuwa ameikariri methali hiyo pasipo kujua inaponya nini. Siku ile aliielewa. Mwenye kutaka kukaribishwa huzima gari, hushuka, hungoja, na akikuta msiba hurudi siku nyingine. Asiyetaka hupiga hodi akiwa tayari ameshika gia. Haidhuru ni nani aliyemjibu. Mlango ule ulimpa Egau kile alichokuja kukitafuta.

Ndivyo alivyoiambia kamati: mzabuni hakudanganya, lakini aliuliza penye msiba ili aambiwe hapana, akaambiwa, akafurahi. Hakutafuta. Walibishana mpaka chai ikapoa, kisha wakakubaliana naye. Egau akaondolewa.

"Lakini Owori," aliuliza Harriet wengine walipotoka, "nani alimjibu yule mtu?"

"Hilo si swali la kamati, mama."

Harriet alikusanya vitu vyake haraka, akatoka. Tangu siku hiyo hakai ofisini peke yake.

Aliyefuata kwa bei ni Winfred wa Busia, mwanamke anayejenga pande zote mbili za mpaka. Amesema atachukua kokoto ya Sop Sop, lakini ni lazima afike mwenyewe akubaliane na wanawake kabla ya kutia sahihi. Wasipokubaliana, zabuni itatangazwa upya, na mvua nyingine italikuta rundo pale pale. Alituma salamu kwamba atakuja Jumamosi, adhuhuri.

Leo ndiyo Jumamosi. Owori amekuja mapema kushuhudia, ameketi kwenye kiti kile kile. Wanawake wamevaa gomesi zao nzuri na kung'oa majani yote yaliyoota kwenye rundo. Dorah, ambaye sasa ndiye mwenyekiti, amefungua kufuli na kuuacha mlango wa mama yake wazi. Ndani kuna kiza tu, na kiti kimoja.

"Mgeni akipiga hodi, mtu asijibu upesi," Dorah amewaambia. "Tungoje kwanza."

"Tungoje nini?" amecheka mmoja wao. "Mama yako alikuwa mkali wa bei. Akijibu yeye, hiyo kokoto itauzwa kama dhahabu!"

Wamecheka wote, kisha wamenyamaza wote pamoja, bila mtu kuwaambia.

Mlio wa gari unasikika toka kwenye kona, unakua, unafika kwenye rundo. Unazimwa. Mlango wa gari unafunguliwa na kufungwa. Viatu vinakanyaga changarawe, vinakuja polepole, vinasimama penye ua.

Owori anavua kofia na kuinamisha kichwa upande wa kulia.