Ngumi za Bati na Baba Mkwe

Mjukuu wangu ana kibanda cha gemu Kihesa, hapa Iringa, na Jumapili iliyopita nusura nimrushie kikombe cha chai. Kosa lake ni kwamba aliniachia nishinde.

Kibandani mwake mna makabati mawili ya kuchezea kwa kusimama, yenye kioo juu, kirungu cha kushika kwa mkono wa kushoto na vitufe vya kubonyeza kwa mkono wa kulia. La kwanza ni la magari, silijali. La pili ni la kupigana. Wapiganaji wake wamechorwa bapa, unawaona ubavuni tu, wanakwenda mbele na kurudi nyuma, hakuna kumzunguka mwenzako. Mjukuu ananiambia mtindo huo ni wa zamani ila michoro ndiyo ya kisasa. Kweli, nguo zinapepea, jasho linaruka, na anayepigwa teke anakunja uso mpaka unamwonea huruma. Kila Jumapili kabla hajafungua mlango kwa wateja tunacheza kidogo, mimi na yeye.

Sasa Jumapili hiyo nilimwona kwa macho yangu akiondoa mkono kwenye vitufe. Mpiganaji wake akabaki amesimama kama anangoja basi. Nikamwangusha.

"Bibi umeshinda!" akapiga makofi.

"Sijashinda. Umenipisha."

"Si heshima tu, Bibi jamani?"

Hapo ndipo nilipokishika kile kikombe. Yeye hajui, na watu wengi hawajui, kwamba heshima ya namna hiyo iliwahi kunitia hasira ambayo haijaniisha mpaka leo, na nguo zangu za ujana wa miaka ya sabini zote zimekwisha kuwa matambara.

Wakati huo nilikuwa mke kijana mjini Mbeya. Reli ilikuwa inajengwa, malori ya Zambia yanapita usiku na mchana, na mimi nilikuwa nakaanga maandazi kwenye hoteli moja ndogo karibu na maegesho ya malori. Mwenye hoteli alikuwa mama wa Kihindi, mjane, aliyezaliwa Mbeya hapo hapo na aliyegombana na wauza mkaa kwa Kisafwa safi kuliko changu. Mume wake, kabla hajafa, alinunua kwenye mnada wa klabu ya Wazungu waliokuwa wanaondoka kitu ambacho hakuna aliyejua kitafaa nini. Ilikuwa meza yenye sanduku la kioo juu yake. Ndani ya kioo walisimama mabondia wawili wa bati, mmoja mwekundu na mmoja wa bluu, wamekatwa bapa na kupakwa rangi mpaka nyusi. Kila upande ulikuwa na vishikio viwili, kimoja ngumi ya kulia na kingine ya kushoto. Ukisukuma vyote, bondia wako anasogea. Ukimpata mwenzako kidevuni barabara, anaanguka chali na kengele inalia.

Mashine ilikula zile senti kumi kubwa za zamani zenye tundu, ambazo dukani hazikuwa na kazi tena. Mama mwenye hoteli alikuwa nazo kopo zima. Ukinywa chai, unapewa moja, unacheza, jioni anafungua droo ya mashine na kuzirudisha koponi. Madereva walikunywa chai mpaka matumbo yakawavimba.

Mimi nilianza kucheza na mama mwenyewe alfajiri, ukungu bado umeshika mji, mafuta yanapata moto jikoni. Mwanzoni nilipiga ovyo kama mtu anayefukuza nyuki. Baadaye nikaelewa kwamba bondia wa bati, ukimrudisha nyuma kidogo, mwenzake anamfuata, na akifuata anainua kidevu. Basi unangoja. Kungoja nilikuwa nakujua, nilikuwa mke wa mtu. Baada ya muda mama akachoka kuanguka, akaniitia madereva wa asubuhi, nao wakaanguka. Nikaitwa yule wa asubuhi. Sijawahi kuwa na sifa nyingine nzuri kama ile.

Shida ilianza mama aliponiambia kuna mzee anakuja Jumamosi mchana.

"Huyo bado hajaangushwa na mtu," akasema. "Anakaa upande wa mwekundu. Anapiga kifua, kifua, halafu kidevu. Ana koti la jeshi, anachechemea. Anashuka na lori la ndizi kutoka Tukuyu."

Nikaweka chini mwiko. Koti lile nilikuwa nalijua. Lilikuwa linaning'inia nyumbani kwangu kila Jumamosi jioni, na mwenye kulivaa alikuwa baba mzazi wa mume wangu.

Mtu asiye wa kwetu atauliza, sasa shida iko wapi? Shida ni kwamba kwetu Wanyakyusa wa wakati ule, mke hakutani na baba mkwe. Hamtazamani, hamsemeshani. Jina lake halitoki kinywani mwako, hata maneno yanayofanana nalo unayakwepa. Mkikutana njiani, wewe mwanamke unaacha njia, unaingia majanini, unachuchumaa na kugeuza uso mpaka apite. Yeye naye ana wajibu wake. Akifika kwako anakohoa akiwa bado mbali, vikohozi viwili vifupi na kimoja kirefu, ili uwahi kutokea mlango wa nyuma. Nilikuwa nimempikia mzee yule kwa miaka na sikuwa najua uso wake. Nilijua kikohozi, koti na viatu.

Na sasa naambiwa yeye ndiye mtu pekee Mbeya nzima anayeweza kunipiga.

Nilijaribu kusahau. Haikuwezekana. Nikiwaangusha madereva niliona nawaonea tu, na mzee naye, kumbe, alikuwa amesikia habari zangu. Jumamosi moja aliacha ujumbe kwa mama, "Mwambie huyo wa asubuhi, asiyekubali kushindwa si mshindani. Aje mchana." Iliyofuata akaacha mwingine mfupi zaidi, "Anaogopa." Hakujua kama ni mwanamke, seuze mkamwana wake. Ati mimi naogopa! Maandazi ya siku ile yaliungua yote.

Usiku nikamwambia mume wangu. Aliketi kitandani.

"Unataka kumpiga baba ngumi?"

"Ni bati, baba watoto."

"Bati linashikwa na nani?"

"Si kuna kioo katikati?"

"Wewe mwanamke," akasema, "nikisikia umemsogelea baba, utarudi kwenu na hayo mabati yako." Akalala, tena akakoroma, jambo lililoniudhi kuliko maneno yenyewe.

Mama mwenye hoteli ndiye aliyepata dawa. Alicheka kwanza. "Kisebusebu na kiroho papo wewe. Kila siku unasema hutaki, na kila siku unaniuliza kapiga vipi." Kisha akapima mashine kwa viganja. Ilipita kwenye mlango wa jikoni, ikajaa pale katikati, nusu ukumbini, nusu jikoni. Juu yake akaning'iniza shuka nzito, kutoka juu ya mlango hadi ukingo wa juu wa kioo. Aliyesimama jikoni angeona mabondia na ngumi zao, basi. Aliyesimama ukumbini vilevile. Sura hakuna, mkono hakuna.

"Mila yenu inasema msionane," akaniambia. "Mtaonana wapi hapo?"

Niliwaza siku mbili. Nikajiambia kwamba yeye atapigana na bondia wa bluu, nami na mwekundu, na kwamba mume wangu hatasikia. Nilitaka pambano lile kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nimezaliwa kuacha njia. Nimewaachia kaka zangu shule, nimemwachia mume chumba chenye dirisha, nimewaachia wazee barabara yote. Nilitaka mara moja tu mtu asimame mbele yangu na asitoke, nami nisitoke, tuone.

Jumamosi ikafika. Nikiwa nyuma ya shuka nilisikia viatu, kimoja kizito na kimoja chepesi. Mama akamwambia yule wa asubuhi ana haya, atacheza kutoka jikoni. Mzee akacheka. Kicheko chake nacho nilikuwa sijawahi kukisikia. Wakapatana raundi tatu. Senti yenye tundu ikaanguka ndani ya mashine.

Kifua, kifua, kidevu. Niliambiwa, na bado nilianguka. Ukumbi ukalipuka. Niliinuka, yaani bluu aliinuka, na mimi nilikuwa natabasamu peke yangu jikoni kama mwehu. Hakuna aliyewahi kunipiga vizuri namna ile. Raundi ya pili nikarudi nyuma, nikarudi tena, nikangoja. Alifuata. Akainua kidevu. Kengele ikalia na mwekundu akalala chali, na mzee akapiga meza kwa furaha, "Aisee! Huyu mtu!"

Raundi ya tatu ilikuwa nzuri. Sina neno lingine. Nilimjua yule mzee pale kuliko nilivyomjua kwa miaka ya kumpikia. Alikuwa mjanja na hakuwa na haraka, na akikosea alikuwa anajicheka kwa sauti ndogo. Alinijaribu kushoto nikamzuia. Nikamvuta, hakuja, alikuwa ameshanisoma. Mikono yetu ilikuwa karibu kiasi kwamba vishikio vyake vikigonga, mtetemo naupata kwangu. Nilikuwa naona mwanya unakuja, bado kidogo tu.

Ndipo alipoita. Kwa utani tu, kama wachezaji wanavyofanya.

"We nani wewe? Sema basi, au bubu?"

Alikuwa anasema na mimi.

Sikuamua lolote. Magoti yenyewe yalikunjika. Nilijikuta nimechuchumaa kwenye sakafu ya jikoni, uso nimeugeuzia ukuta, mikono nimeibana mapajani, kama niko njiani Tukuyu na yeye anapita. Juu yangu bondia wa bluu amesimama, ngumi chini, kidevu wazi.

Mchezaji yeyote angepiga. Yeye hakupiga. Watu walikuwa wanamhimiza, "Maliza mzee, maliza!" Alikuwa anamtazama bondia aliyekufa mikono ghafla kwa kusikia sauti yake, na jikoni hakuna aliyemjibu. Ni mtu wa namna gani duniani anayefanya hivyo?

Kisha nikasikia kikohozi. Viwili vifupi, kimoja kirefu.

Nikajua kwamba amejua. Nikasikia vishikio vyake vikirudi mahali pake, akiviachia taratibu. "Ndaga fijo, mama," akamwambia mama mwenye hoteli, ahsante sana, lakini sauti aliielekeza kwenye shuka. Viatu vikaondoka, kizito na chepesi.

Niliposimama, mwekundu alikuwa pale pale, mikono chini, ananisubiri. Nilishika vishikio na kumpiga kwa nguvu zangu zote. Akaanguka. Kengele ikalia, na wajinga wale wa ukumbini wakashangilia, "Wa jikoni kashinda!" Mama akaingia akinifungulia mikono, akanikuta nalia kwa hasira, natukana kwa Kinyakyusa, na unga nimeupiga teke.

Jioni mume wangu alikuja na mkungu wa ndizi, uso umemkauka. Nilidhani nafukuzwa. Akasema baba amekataa kuingia ndani leo, ameniletea ndizi hizi, na ana neno moja. "Anasema, mwambie mama watoto mashine ni yake. Nimempisha."

Mume wangu aliona hilo ni jambo kubwa mno. Mzee, kumpisha mwanamke! Aliwasimulia mpaka majirani, na ile habari ya kunirudisha kwetu ikafa hapo hapo. Wote wakanipongeza. Mimi nilizimenya zile ndizi huku nazikata kama zimenikosea. Sikutaka kupishwa. Nilitaka kupigwa. Ningeanguka chali mbele ya Mbeya nzima nikaridhika, kwa sababu ningekuwa nimeangushwa na mtu aliyesimama.

Hakurudi tena hotelini. Alikuwa akipita Jumamosi upande wa pili wa barabara, kwa ajili yangu, na mimi nikawa sina hamu ya kucheza na madereva, kwa ajili yake, na mashine ikakaa pale, sisi wawili tukiheshimiana mpaka kutu ikashika vishikio. Mara moja tu, mama aliniambia, mzee alisimama mlangoni bila kuingia akauliza, "Ile raundi ya tatu, nani angeshinda?" Mama akamjibu hajui. Mzee akasema, "Hata mimi sijui," akaenda kwenye lori lake. Alifariki bila kujua, nami sijui.

Haya yote nilimwambia mjukuu wangu pale Kihesa, chai ikapoa. Alisikiliza mpaka mwisho. Ni msichana mwenye akili, ila ana tabia ya kunihurumia, na macho yake yalikuwa yameshaanza kulowa.

"Usilie," nikamwambia. "Anzisha tena."

Akaanzisha. Nikamchagua yule bibi wa mkia wa nywele, yeye akachukua lile jitu lenye mikono kama magogo. Safari hii hakunionea haya. Alinipiga kifuani, akaniinua hewani, akanipokea na teke kabla sijagusa chini, akanibana pembeni ya kioo hadi nikasahau kitufe kipi ni kipi. Nilijitahidi. Nilimrudisha nyuma, nikamngoja, nikampata moja nzuri ya kidevu, akashtuka kweli. Halafu akanimaliza.

Mpiganaji wangu alilala chini, nywele zake zimetawanyika vizuri sana, michoro ya kisasa. Mjukuu akanitazama kwa wasiwasi, mkono mdomoni.

"Bibi, samahani."

"Samahani ya nini?" nikasema, na nilikuwa nahema. "Sasa ndiyo umeniheshimu. Rudia."