Alama ya Mzinga Mkononi mwa Levina

Levina hakuwa mtu wa kujichorachora. Majirani zake wa mtaa wa Chemchem, mjini Tabora, wanalijua hilo, ndiyo maana siku alipotokea bombani amefunga kitambaa kwenye kifundo cha mkono, wote walisema ameungua na mafuta ya kukaangia. Akawaacha waseme. Ndoo ilipojaa akajitwisha, mtoto mgongoni, akaenda zake.

Ukweli ni kwamba alitaka kushukuru, akakosa namna.

Alizaliwa Igunga. Mama yake alifariki akimwacha hajajua hata kukaa, na baba yake hakuna aliyewahi kumtaja. Aliyemlea ni Bi Gaudensia, muuza wali wa stendi, ambaye hakuwa ndugu yake kwa damu wala kwa ukoo. Bi Gaudensia alimsomesha mpaka darasa la saba, akamfundisha kupepeta mchele na kutulia wakubwa wanapozungumza, kisha naye akaitwa na Mungu. Kwa hiyo Xavery, fundi wa kuchomelea mageti mjini Tabora, alipotaka kumwoa, mshenga aliyetumwa Igunga alirudi kama alivyokwenda. Hakukuwa na mlango wa kupigia hodi. Ndoa ilifungwa kanisani, watu wakala wakashiba, lakini mahari haikupokelewa na mtu. Mzee Leodgar, baba yake Xavery, hakusema kitu. Ila Levina, ambaye macho yake huona mengi kuliko mdomo wake unavyosema, alimwona mzee akivitazama viti vya upande wa bibi harusi. Vilikuwa vimekaliwa na majirani tu.

Tangu hapo alikuwa na hofu moja asiyoisema. Mwanamke asiye na kwao, alijiambia, siku wakimchoka ataambiwa aende wapi?

Alipojifungua Raymundi, mama mkwe wake, Bi Bertila, alimchukua akakae naye kijijini Tura mpaka apate nguvu. Jamani, kuna watu wana mikono. Kila asubuhi Bi Bertila alimkanda kwa maji ya moto, akimsemesha polepole kama anayebembeleza ng'ombe anayezaa kwa mara ya kwanza. "Vumilia, Mama Raymundi. Hapa ndipo panapouma, eeh? Basi hapo ndipo penyewe." Akamnywesha uji wa ulezi uliotiwa asali ya Mzee Leodgar, ambaye maisha yake yote ni mfuga nyuki. Mtoto akilia, alibebwa kabla Levina hajafumbua macho. Hakuna aliyewahi kumfanyia hivyo tangu Bi Gaudensia, na hata Bi Gaudensia alikuwa na wateja wa kuwahi.

Pale jikoni alipokuwa akilala mchana palikuwa na mzinga wa gogo, mkuukuu, usiopandishwa tena mtini. Ulitumika kuhifadhia mbegu za karanga. Ubavuni ulikuwa umechongwa alama: upinde, na chini ya upinde mistari mitatu mifupi.

"Ile ni nini, mama?" aliuliza siku moja.

"Alama. Kila mfuga nyuki ana yake. Porini hakuna ukuta wala geti. Mzinga ukiwa juu ya mti peke yake, alama ndiyo mlinzi. Mtu hata akiwa na njaa ya kufa, akiiona anajua huu una wenyewe."

Chungu kikafurika, Bi Bertila akakikimbilia, na mazungumzo yakaishia hapo. Levina akabaki anaitazama ile alama. Huu una wenyewe. Maneno hayo yalimwingia. Akaipiga picha kwa simu, na aliporudi Chemchem alikuwa ameshaamua.

Mchora tatuu aliitwa Uwesu, kijana mwenye kibanda nyuma ya kinyozi. Ukutani alikuwa ametundika michoro ya wateja kuchagua: nge, nyota, moyo uliochomwa mshale, na maneno kama MAMA, MUNGU MWEMA, USINIHUKUMU.

"Dada, karibu. Unataka jina la shemeji?"

"Jina la mtu nalibeba moyoni."

"Haya, basi nge. Utingo wote wa malori wanachora nge."

"Nge maana yake nini?"

Uwesu akajikuna kichwa. "Maana yake kijana amekosa neno la kuandika."

Levina akacheka, akamwonyesha ile picha. Uwesu akaisogeza karibu. "Hii ndiyo tatuu ya wazee wetu, dada. Babu yangu ana chale za nyoka hapa na hapa," akajigusa kati ya kidole gumba na shahada, kisha kwenye kifundo cha mguu. "Alichanjwa dawa akiwa kijana, na mpaka leo nyoka akimwona anaona haya. Watu wanasema mambo haya nimeyatoa Dar. Wapi! Ngozi za huku zilishaandikwa zamani, mimi nimeleta umeme tu." Akafungua sindano mpya mbele ya macho yake, akaanza. Levina akauma pembe ya kanga.

Xavery alipoiona alishangaa, kisha akacheka. "Alama ya mzee! Sasa nyuki wakija kuhamia humo?" Lakini usiku ule alikuwa akimshika mkono kila mara, kana kwamba amepewa zawadi yeye.

Raymundi alipoanza kutambaa, Mzee Leodgar aliagiza waje Tura. Alikuwa amemchongea mjukuu wake mzinga. Katika nyumba yao ilikuwa desturi mtoto awekwe mbele ya mzinga wake wa kwanza, alama ichongwe akiona, ndipo upandishwe mtini. Walikwenda kwa treni, Levina amevaa blauzi ya mikono mirefu, akiifurahia siri yake kama mtoto aliyeficha andazi. Alitaka waione wenyewe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Raymundi! Wewe ndiye uliyemaliza asali yangu yote kwenye uji wa mama yako?"

Kabla ya chakula Levina alichukua birika na beseni, akapiga magoti kumnawisha baba mkwe. Alipoinua birika mkono wa blauzi ukashuka. Mzee Leodgar akaacha kunawa. Maji yakaendelea kumwagika juu ya vidole vyake vilivyosimama.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kwenye mzinga wa jikoni, baba. Nilitaka..." Uso wa mzee haukuwa uso alioutarajia.

"Siyo yangu," akasema mzee. "Yangu ni jicho lenye kope mbili. Hiyo ni ya kina Ezekia, kaka yake mama yenu. Mzinga ule mama yenu aliolewa nao, alipewa na baba yake."

Xavery akakohoa. "Mimi nilidhani..."

"Wewe ulidhani! Umekulia mjini kwa shangazi yako, pori unaliona kwenye simu. Tazama sasa kudhani kwako kulikomfikisha mwenzio."

Mzee hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alinyanyuka akaenda uani, ambako mzinga mpya ulikuwa umelazwa juu ya majani, akaichukua tezo yake ya kuchongea akaifunga kwenye gunia. "Siwezi kuchonga leo," akasema. "Mama ana alama ya nyumba nyingine, mtoto nimtie ya kwangu? Watu watauliza mzinga huu ni wa mti gani." Akamgeukia Xavery. "Chukua baiskeli, nenda kwa mjomba wako ng'ambo ya reli. Mwambie nimekuta alama yake kwangu. Ndivyo tunavyofanya. Ukikuta cha mtu hulali nacho, unampelekea habari. Mwenyewe huja akachukua chake, au akakiachia."

"Akikiachia inakuwaje, baba?" aliuliza Levina.

"Anaipiga alama mkato mmoja katikati. Inakuwa imekufa."

Levina akaushika mkono wake. Hakuogopa kisu. Aliogopa kubaki na alama iliyokufa mwilini, na mtoto asiye na mzinga, na viti vile visivyo na ndugu ambavyo sasa mzee alikuwa amepata sababu ya kuvisema kwa sauti.

Bi Bertila alimkuta jikoni amekaa karibu na gogo lile, machozi yanamtiririka. Akaketi chini, akauchukua ule mkono, akaupitishia kidole taratibu.

"Umekasirika, mama?"

"Nina wivu," akasema Bi Bertila.

Levina akainua uso.

"Kweli tupu. Mimi nimezaliwa katika alama hii na sikuwahi kupewa. Ilikuwa ya wanaume. Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi, alibeba meno ya tembo mpaka pwani. Mizigo ilifungwa mikeka ikafanana yote, kwa hiyo kila mtu aliuwekea wake alama, asije akaamka asubuhi kambini akajitwika wa mwenzie. Aliporudi akaichonga kwenye mizinga. Baba alisema upinde ni mgongo wa mtu mwenye mzigo. Shangazi yangu alikuwa akibisha, anasema ni mlango wa nyumba, na mistari mitatu ni waliorudi, maana waliondoka wengi." Akatikisa kichwa. "Miaka yote hiyo naitazama nikipakua karanga. Wewe umeingia kibandani mara moja, ukatoka nayo!"

Akaanza kucheka, na Levina, bila kutaka, akacheka naye katikati ya kwikwi.

Mzee Ezekia alisikika kabla hajaonekana. Alikuwa Mmoraviani wa kuimba sauti ya chini, na baiskeli yake haikuwa na kengele kwa sababu haikuihitaji.

"Waroma! Mlianza na dada yangu, mkanyamaziwa. Leo mmeiba nini tena?"

"Karibu, shemeji," akajibu Mzee Leodgar bila kutabasamu. "Keti. Si jambo la utani."

"La utani haliji kwa baiskeli. Liko wapi?"

Levina akatoka, akapiga magoti, akaamkia, akanyoosha mkono. Mzee Ezekia akauinamia kama wanavyoukagua mzinga ulioshushwa mtini. Akaugonga kwa kidole. Akatega sikio.

"Nasikiliza kama kuna nyuki."

Hakuna aliyecheka. Levina akasema, "Baba, nisamehe. Sikujua kama ni ya kwenu. Nilitaka kuwashukuru watu wa nyumba hii. Kama ni kuikata, ikate tu."

Mzee Ezekia akavuta kigoda akakaa, bado ameushika mkono ule.

"Kwenu ni wapi, mwanangu?"

"Igunga, baba. Lakini sina watu."

"Aliyepokea mahari yako ni nani?"

"Hakuna."

"Hakuna," akarudia Mzee Ezekia. Kisha akamgeukia mwenye nyumba. "Shemeji, huu una alama ya kwetu?"

"Unayo."

"Uko kwako?"

"Uko kwangu. Ndiyo maana nimekuita."

"Tena umeshaurina, asali hiyo hapo inatambaa." Akamwonyesha Raymundi, aliyekuwa akilivuta gunia la tezo. "Sasa nisikilize. Mwenye alama huchukua au huachia, si ndivyo? Basi mimi siachii. Mkato siupigi. Huyu ni binti yetu. Na wewe, mzee mzima na rozari yako shingoni, umekaa na binti yetu bila kuja kutwambia!"

Ilimchukua Mzee Leodgar kitambo kuelewa. Alitazama mkono, akamtazama shemeji yake, akamtazama mkewe aliyekuwa ameziba mdomo kwa kanga. Halafu akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Akavuka ua wake mwenyewe, akatoka nje ya miti ya boma, akageuka akasimama njiani kama mgeni.

"Hodi hapa!"

"Sisikii," akasema Mzee Ezekia, amekaa kwenye kigoda cha mwenziwe. "Waroma mnaongea kwa pua."

"Hodi, wenyewe!"

"Karibu, baba. Una shida gani?"

"Nina kijana wangu. Anatafuta jiko."

"Mbona nasikia jiko limeshapikiwa mpaka mtoto?"

Hapo Mzee Leodgar alishindwa. Alicheka mpaka akajishikiza kwenye mti, na kicheko kilipokwisha uso wake ulikuwa umelowa. Levina aliuona. Akaelewa kwamba siku ile ya harusi mzee hakuwa akimhesabia ukosefu. Alikuwa akitafuta mlango wa kupigia hodi, kwa heshima yake yeye Levina, na hakuuona.

Walizungumza mpaka kivuli kikahama. Walikubaliana jogoo na ndoo ya asali kwanza, mengine yatafuata, wakabishana juu ya ukubwa wa ndoo kama watu wenye nia ya kugombana. Kisha Mzee Ezekia mwenyewe akaifungua tezo kutoka kwenye gunia, akamkabidhi shemeji yake. "Chonga jicho lako. Mtoto ni wako. Mama ndiye wetu." Raymundi akashikiliwa mbele ya mzinga, vipande vya mti vikawa vinamrukia tumboni, naye akajaribu kukila kimoja.

Jioni Mzee Ezekia alipopanda baiskeli, Levina alimsindikiza mpaka relini. Akamshika mkono kwa mikono miwili. Alikuwa na maneno mengi ya kushukuru, yakagombania mlango.

"Asante, baba," ndilo lililotoka.

"Asante ya nini? Mtoto gani wewe, umeolewa, umezaa, hujaja kwenu hata siku moja! Mama yako kule nyumbani kwangu ana michembe ya viazi inaoza inakungoja. Unakuja lini?"

Levina alirudi mbio mbio. Xavery alikuwa anamnawisha mtoto.

"Jumapili tukitoka kanisani," akamwambia, huku akivuta pumzi, "wewe utakula hapa na wazee. Mimi na Raymundi tunakwenda kwetu."