Insha Isiyo na Upande

Saa mbili na dakika arobaini asubuhi, Jumamosi moja ya mwezi wa Juni, mama wa mapokezi wa chuo alichukua simu yangu, saa yangu ya mkononi na pochi, akavifungia kwenye kabati dogo la chuma, akanipa penseli moja na karatasi mbili tupu za kukokotolea. Nilimuuliza mtihani utachukua saa ngapi.

"Hauna kikomo," alisema. "Ukitaka kukaa mpaka tutakapofunga, kaa."

Nilikuwa na miaka arobaini na minne. Chuo kile cha jamii, kaskazini mwa Dallas, humpokea kila mwenye cheti cha sekondari, lakini kabla ya kumpangia masomo humpima kwanza: hesabu, kusoma na kuandika. Anayefikia kiwango huanza masomo yanayohesabika kuelekea cheti. Asiyefikia huanza na masomo ya kujazia, ambayo hulipiwa kama mengine lakini hayamsogezi karibu na cheti. Mimi nilitaka uuguzi. Ghala ninakofanya kazi, karibu na uwanja wa ndege, lilikuwa na mpango wa kuwalipia wafanyakazi ada, ila kwa masomo yanayohesabika tu, na mpango wenyewe ulikuwa unafungwa mwisho wa mwaka kwa yeyote ambaye angekuwa hajaanza. Kama nisingeanza muhula wa Agosti, nisingeanza tena. Mgongo wangu ulikuwa umeshaniambia kwamba kubeba maboksi si kazi ya kufikia nayo uzee.

Sikwenda pale bila kujiandaa. Shule yangu ya darasani iliishia kambini, Kigoma, ambako sisi wakimbizi kutoka Burundi tulisoma kwa mtaala wa kwetu, kwa Kifaransa. Mengine yote nilijifundisha. Cheti kinacholingana na cha sekondari nilikipata Lewisville kwa vitabu vya maktaba ya mji, na baada ya hapo nilitumia miaka miwili kupitia upya sehemu, asilimia na milinganyo, sura moja kila wiki, bila kuruka sura hata ile niliyodhani naijua. Wenzangu walikula chakula cha mchana wakitazama simu. Mimi nilikula nikitafuta thamani ya x.

Hesabu ilinipa alama za kutosha na zaidi. Kusoma pia. Mwisho ilikuja insha. Swali lilikuwa kama shule zichelewe kuanza asubuhi ili watoto walale zaidi. Nilifurahi, kwa sababu insha ya namna hiyo naijua tangu nina miaka kumi na mitano. Sehemu ya kwanza unaeleza hoja za wanaokubali. Sehemu ya pili unaeleza hoja za wanaokataa, kwa haki ileile na kwa urefu uleule. Sehemu ya tatu unazipatanisha. Neno "mimi" halikanyagi humo. Niliandika polepole kwenye kompyuta, nikarudia kusoma mara tatu, nikabonyeza kitufe cha kumaliza.

Mashine husahihisha yenyewe, palepale. Karatasi ilitoka kwenye printa ya mapokezi ikiwa bado ya moto. Insha: tatu kati ya nane. Zilihitajika tano.

Wiki iliyofuata nilionana na mshauri wa wanafunzi, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Aliniuliza niliandika nini, nikamweleza sehemu zote tatu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na wewe unaonaje? Shule zichelewe au zisichelewe?"

"Sikufikiri kwamba wanataka kujua ninavyoona."

"Hicho ndicho walichouliza," alisema. Akanieleza kwamba naweza kurudia sehemu ya insha peke yake mwezi wa Julai, mara moja, kabla ya dirisha la kujiandikisha kufungwa. Nisipofika tano, nianze na masomo ya kujazia.

Jioni ile jirani yetu alinikuta kwenye maegesho ya magari. Ni muuguzi kutoka Kenya, rafiki wa mke wangu, na ndiye aliyenisukuma kuelekea uuguzi. Alikuwa bado na sare ya kazini.

"Shemeji! Nasikia ulienda. Leta habari."

"Hesabu nimepita. Kusoma nimepita. Insha nimeanguka."

"Ati umefeli insha? Wewe? Mtu anaongea kama taarifa ya habari?" Nilimweleza. Aliweka mkoba wake juu ya boneti ya gari langu ili acheke vizuri. "Ai, shemeji. Umewaandikia maneno ya kamati ya upatanishi. Hawa watu wakikuuliza chai ama kahawa, wanataka jibu. Wewe umewapa historia ya majani chai na historia ya buni."

"Nifanye nini?"

"Chagua upande. Wowote! Hata wa uongo. Sema 'mimi naona, mimi naona' mpaka hiyo mashine ichoke."

Nilidhani ni jambo la mazoezi, kama milinganyo. Kila jioni baada ya kazi nilijipa swali na kuandika. Sentensi ya kwanza ilikaa vizuri: naona hivi. Lakini nikifika aya ya pili, wale wenye maoni tofauti walikuwa wameshafika na kuketi, na mkono wangu ulikuwa unawahudumia. Nikifuta aya ile, insha ilibaki fupi na ngumu, kama amri. Mke wangu alisoma mbili, akazirudisha mezani.

"Hapa si wewe unayesema," alisema. "Huyu ni mtu aliyeagizwa aseme."

Ndipo nilipoamua kwenda Houston. Mwalimu aliyenifundisha insha kambini anaishi huko, kusini-magharibi mwa jiji, katika nyumba za kupanga ambazo nusu ya wakaaji wake ni watu wa kwetu na Wakongo. Alifua mashuka ya hoteli miaka kumi na moja, sasa amestaafu, na sukari imemwondolea vidole viwili vya mguu.

"Unakwenda kumlaumu mzee wa watu?" mke wangu aliuliza.

"Nakwenda kumuuliza."

Ni mwendo wa saa nne kwa gari, barabara moja karibu njia nzima. Nilimkuta akitazama mpira, televisheni ikiwa imezimwa sauti. Mwalimu ni mzaliwa wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambako Kiswahili ndicho cha nyumbani, na nje ya darasa hakuwahi kuzungumza nasi kwa lugha nyingine. Alinipa kiti, akaniuliza habari za mke, za watoto, za kazi. Nilisubiri mapumziko ya mpira.

"Mwalimu, mtihani wa insha nimepata tatu kati ya nane."

"Uliandika kwa lugha gani?"

"Kiingereza."

"Basi si mimi. Mimi nilikufundisha Kifaransa." Alicheka peke yake, kisha akavaa miwani kana kwamba nimempa daftari. "Utangulizi?"

"Ulikuwepo."

"Upande wa kwanza?"

"Hoja tatu."

"Wa pili?"

"Tatu."

"Mwisho?"

"Nilipatanisha."

"Ningekupa kumi na saba kati ya ishirini. Kumi na nane hapewi mtu."

"Wao wanasema sina msimamo."

Wachezaji walirudi uwanjani, naye hakuwageukia.

"Mlikuwa wangapi katika darasa lile?" aliuliza.

"Zaidi ya sitini."

"Mlitoka wapi?"

"Mikoa mbalimbali."

"Sikuulizi mikoa, bwana." Alivua miwani. "Mimi nilijua baba wa nani alifanya nini vitani. Si wote, lakini wengi. Wenye kambi hawakujua. Ninyi mlijua nusunusu, kila mmoja nusu yake. Sasa niwape karatasi, niwaambie kila mtoto aandike anavyoona? Halafu nizikusanye, niwasomee wote?"

"Kwa hiyo haikuwa kanuni ya insha."

"Kanuni ipo. Wafaransa wanapima pande mbili, ndiyo. Lakini mwisho mwandishi lazima afike mahali. Aseme, baada ya kupima, nasimama hapa. Kile kipande cha mwisho nilikitoa mimi. Na neno 'mimi' nililipiga marufuku mimi."

Nilifikiri jinsi nilivyoibeba kanuni ile miaka yote kama mtu anavyobeba kipimo cha uzito, bila kuhisi kwamba kuna mtu aliyekikata kipande.

"Mbona hukutuambia baadaye?"

"Baadaye ipi? Mlipanda ndege." Akapandisha sauti ya televisheni kidogo. "Halafu mlikuwa mmekaa vizuri. Sitini na zaidi, mwaka mzima, hakuna aliyempiga mwenzake kwa jiwe. Ningeharibu kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya mashine ya Texas?"

Nililala pale, asubuhi nikampeleka dukani, nikarudi. Njiani sikufanya zoezi lolote kichwani. Nilikuwa nimekwenda nikiwa na swali la namna ya kuandika, nikarudi nalo limekuwa kubwa kuliko mtihani, na siku za mtihani hazikuwa nyingi.

Mwezi wa Julai mke wangu alinipeleka chuoni mwenyewe na kunisubiri ndani ya gari. Mama wa mapokezi alikuwa yuleyule, na kabati lilelile. Swali lilipotokea kwenye kioo cha kompyuta nililisoma mara mbili. Liliuliza kama watu hufanikiwa zaidi wanapoacha kufikiria yaliyopita.

Hoja za wanaokubali nilizijua zote. Nilizisikia makanisani, kwenye semina za wakimbizi, kwa msimamizi wangu wa ghala. Niliziandika kwa aya moja, kwa haki. Kisha nikaandika kwamba mimi nimezipima, na sikubaliani nazo.

Niliandika kwamba nilipokuwa kijana nilisoma katika kambi, na siku moja nikaona baiskeli ya baba yangu ikipita kati ya mahema. Baba alikuwa ameuawa mwaka uliotangulia, na baiskeli ikachukuliwa siku hiyohiyo. Niliitambua kwa sababu fremu yake ilikuwa imeungwa vibaya chini ya kiti, nami ndiye niliyemmulikia fundi alipoiunga. Aliyeiendesha alikuwa baba wa mvulana niliyeketi naye dawati moja. Sikujua kama mtu yule aliua, aliiba, au aliinunua kwa aliyeiba. Nilimwambia mama. Mama alisema nisimwambie mtu yeyote, na sikumwambia mtu yeyote.

Niliandika kwamba niliendelea kukaa na mvulana yule. Tulitumia rula moja. Alikuwa dhaifu katika hesabu nami nikamsaidia. Mtu akitutazama angesema huyu amesahau, ameendelea na maisha. Si kweli. Nilijua kila asubuhi, na kila asubuhi niliamua upya kwamba mvulana si baiskeli. Kama ningesahau, nisingekuwa nimeamua lolote. Ningekuwa tu nimekaa pale. Kwa hiyo naona, niliandika, kwamba asiyefikiria yaliyopita hawezi kusemwa kuwa ameyashinda.

Nilisahihisha nafasi za mikato, nikabonyeza kitufe. Baada ya kubonyeza nilikumbuka kwamba hakuna nakala. Hawakupi nakala. Yale maneno yaliingia ndani ya mashine na kubaki huko, na msomaji wake wa kwanza hakuwa mtu.

Karatasi ilitoka. Sita.

Mke wangu alizima redio nilipoingia garini. Tumeoana miaka ishirini na miwili, naye pia amekulia kambini, ila nyingine. Nilimwonyesha karatasi, akashukuru Mungu, akauliza niliandika nini safari hii. Nilimwambia yote, na baiskeli. Hakuwa amewahi kuisikia. Alishika usukani kwa mikono miwili ingawa gari lilikuwa halijawashwa, na watu wawili watatu walipita mbele yetu wakielekea mlangoni na chupa zao za maji.

"Wamekupa sita," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Kati ya nane."

"Ndiyo."

"Hizo mbili wamekata za nini?"

Aliwasha gari, akaendesha kwa uangalifu kuliko kawaida yake, na tulipofika kwenye taa za pili za barabarani aliuliza mvulana yule yuko wapi siku hizi. Nilimwambia sijui, familia yao ilirudi Burundi kabla sisi hatujaletwa Marekani. Akaniuliza jina lake, nikamtajia. Lilikuwa jina ambalo sikuwa nimelitamka kwa sauti tangu kambini.

Alasiri ile mshauri aliniandikisha masomo mawili ya Agosti, anatomia na Kiingereza cha kuandika, yote yanayohesabika, na ghala likakubali kuyalipia. Somo la kujazia, ambalo tungelilipia wenyewe, lilikuwa dola mia nne na tano. Humo nilitoa dola kumi na tano za kurudia mtihani na sitini na mbili za petroli ya kwenda Houston na kurudi. Tuliokoa dola mia tatu ishirini na nane.