Kengele Iliyolia Nairobi

Mimi ndiye niliyegundua kwa nini kengele ililia Nairobi, na sisemi hivyo kwa kutafuta sifa. Miaka ile ya sitini nilikuwa nimerudi kutoka Uingereza na diploma ya mitambo ya simu, niliyoisomea jioni huku mchana nikifagia ghala la watu. Kisumu nzima sikumjua mwingine aliyekuwa nayo. Ndiyo maana kila mtambo uliogoma mjini niliitiwa mimi, na ndiyo maana nilikuwa mchovu daima.

Karakana moja ya mashua karibu na bandari ilikuwa na teleprinta, mashine ya chapa inayotuma maneno kwa waya: ukipiga Kisumu, yanajichapa Nairobi. Mpigaji alikuwa mama mjane kutoka Bondo. Kazi yake ilikuwa kuagiza mbao kutoka makao makuu, kwa vipimo vya futi. Na kila alipoagiza, mkubwa wa Nairobi alipiga simu akifoka kwamba mwanamke huyo anachezea kengele, ile ya kumwita mtu kwa jambo la dharura. Sasa alikuwa ametoa onyo: ikilia tena Ijumaa, siku ya oda, Jumatatu asije kazini.

"Bwana fundi, mimi sijagusa kengele," aliniambia. "Napiga mbao tu. Si uangalie karatasi yangu?"

Karatasi ilikuwa safi, bila kosa lolote. Mafundi walionitangulia waliuona usafi huo, wakatia mashine mafuta, wakaenda zao. Mimi nilimpigia simu mkubwa, nikamwomba mama aagize ubao mmoja nikiwa nasikiliza. Alipogonga alama ya futi, kile kistari kidogo kinachofuata namba, nikasikia kengele kule, na mkubwa akitukana.

Waya haubebi alama. Hubeba mipigo ya umeme, na kila mashine huisoma kwa desturi ya kiwanda chake. Ya Kisumu ilitoka Marekani, ya Nairobi Uingereza. Mpigo uleule hapa ulikuwa futi, kule ulikuwa kengele. Chuoni tulikuwa nazo zote mbili; ningeweza kuzitofautisha nimefumba macho.

Ningeweza kumwambia aandike neno "futi" kwa herufi. Lakini angesahau mara moja tu na kazi ingekwisha, na mimi sikuvuka bahari kwenda kujifunza kazi za kulipualipua. Nikaifungua mashine. Joto la ziwa lilikuwa limejaa ofisini, mgongo ukaniuma, jasho likadondoka juu ya vyuma. Nilihamisha alama ya futi kwenye kitufe kingine na kengele nikaipeleka ilikotoka futi, nikatengeneza vichwa vya chapa kwa tupa na kuvilehemu upya, kama Nairobi inavyosoma.

Ijumaa mama akaagiza mbao. Simu ikalia, nikaipokea; mkubwa anacheka.

"Leo kimya! Mwambie nimemfunza adabu!"

Nilivuta pumzi nimweleze habari za mipigo, na za diploma yangu. Mama akafunika mdomo wa simu kwa kiganja.

"Wacha, wuoda," akasema, akiniita mwanawe. "Ukimwambia alikosea, atanitafutia kosa lingine."

"Lakini ni mimi nili..."

"Najua ni wewe, baba. Na mimi Jumatatu nakuja kazi."

Akaondoa kiganja. Nikamwambia mkubwa kwamba ndiyo, mama amejifunza. Maneno hayo yalinichosha kuliko kulehemu kote kule. Nilipogeuka, mama alikuwa ameshaanza kupiga oda nyingine.