Kipande cha Shaba kwenye Sinia la Chai

Bado naikumbuka, mwanangu, asubuhi ya Ijumaa ile nilipokiweka kipande cha shaba kwenye sinia la chai la babu yako. Kilikuwa kidogo, hakizidi ncha ya kidole cha mwisho, nami nikakipanga vizuri kati ya kikombe na vitumbua kana kwamba nacho ni cha kuliwa. Habari ya gari la baba yako umeisikia tangu utotoni, maana kila mtu hapa Temeke aliisimulia kwa namna yake. Ya kipande hiki hujaisikia, na leo nina sababu ya kukupa. Kaa vizuri. Siku hizi nasimulia polepole, na chai bado ipo.

Wakati huo Mwingereza ndiye aliyekuwa akitawala, nami ni bibi harusi mpya, hina haijafutika mikononi. Baba yako Shomari alikuwa fundi makenika kwenye gereji ya Mzungu mmoja mjini. Babu yako, Mzee Kondo, alikuwa seremala wa vitanda, na kazi yake ilijulikana kuanzia Mbagala mpaka Kunduchi alikozaliwa. Tuliishi nyumba moja sisi watatu, kwa kuwa mama mkwe wangu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki.

Gari lenyewe lilitoka kwenye shamba la mkonge upande wa Chanika. Mgiriki mmoja alikuwa nalo tangu kabla ya vita, gari la mbio, la watu wawili tu, pua ndefu, halina paa. Lilipomshinda akalitelekeza bandani, kuku wakatagia ndani yake na mchwa wakajilia mbao. Ndiyo, mbao. Magari ya zamani yale yalikuwa bati kwa nje na mbao kwa ndani, kama mtu alivyo na mbavu. Mgiriki alipomwona baba yako analikodolea macho, alicheka, akamwambia alichukue amwondolee takataka. Lori la mkonge likalileta, likalishusha uani, mahali palepale nilipoahidiwa kujengewa jiko.

Usicheke. Nilipika chini ya mchirizi masika baada ya masika, maji yakinichuruzika shingoni, huku takataka ya Mgiriki imejengewa banda la makuti. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na kinyemi cha baba yako kilikuwa na magurudumu yasiyozunguka.

Babu yako naye alikasirika mwanzoni. "Mzungu katupa, wewe unaokota," alimwambia mwanawe. Lakini siku moja alipita karibu, akaingiza mkono mahali bati lilipofumuka, akapapasa kiungo cha mbao kilichooza nusu. Nilikuwa napepeta mchele, nikasikia akisema, kama anayezungumza na mtu wa upande wa pili wa ukuta, "Aliyefanya hivi, popote alipo, huyu ni seremala." Tangu siku hiyo hakukaa tena barazani.

Alizichomoa mbavu zote mbovu, moja baada ya nyingine, akazichonga upya kwa mvule akifuata umbo la zile zilizooza. Palipoweza kukaa ulimi wa mbao hakukubali msumari. Baba yako alitandaza injini kwenye mikeka, akaifungua mpaka nikaamini hataweza kuirudisha, na mimi nikaosha vyuma kwa mafuta ya taa jioni baada ya jioni, mpaka nikavijua kama vyombo vyangu vya kupikia. Viti nilivishona mimi. Ngozi ya mbuzi, ndani sufi tuliyoichambua kwa mkono. Bandu bandu huisha gogo, walisema wahenga, na gogo lile tulilibandua kweli.

Mwisho baba yako akalipaka rangi ya damu ya mzee, akalipiga msasa, akapaka tena, akapiga tena. Siku moja niliinama kuokota kijiko nikauona uso wangu mlangoni mwa gari, na nyuma yake minazi yote ya uani imesimama wima. Nilibaki nimeinama. Mwanangu, mimi niliona lile gari likifika na mayai ya kuku ndani, na sasa lilikuwa limebeba uso wangu na mbingu. Nilisema subhanallah, nikasahau kijiko.

Ila wakati huohuo kifua cha babu yako kilikuwa kimeanza kumsumbua. Alikohoa mpaka anashika ukuta, na kanzu zake zikaanza kumpwaya. Alibaki na ombi moja tu, nalo alilirudia kila tulipokaa kula. Alitaka kupelekwa kwa gari lile kwa dada yake, Bi Tatu, kule Kunduchi. Bi Tatu alikuwa na ulimi. Kila kaka yake alipomtembelea, amefika kwa miguu na mfuko wa randa begani, alimwambia, "Kondo, umri wote unatengeneza vitu vya watu kulalia. Tengeneza basi kimoja kinachokwenda."

Gari likawa tayari, isipokuwa haliwaki. Baba yako alitueleza kwamba imekosekana spea moja ya kabureta, kidude cha shaba chenye tundu jembamba ambamo petroli hupita, nacho kimeagizwa Ulaya kwa meli. Basi kila Ijumaa baada ya sala babu yako alirudi na kanzu yake safi, akauliza, "Meli imetia nanga?" Baba yako akajibu, "Bado, baba." Mzee akaingia ndani ya gari, akakaa kwenye kiti nilichomshonea, mikono juu ya magoti, akitazama mbele kwenye ukuta wa makuti. Nilikuwa nikimwona kutoka kwenye moshi wangu. Miezi ikapita, meli haikuja, na yeye kila Ijumaa alikuwa mwepesi zaidi.

Siku ile ya Alhamisi nilikuwa natafuta kifungo cha shati. Chini kabisa ya kopo la vifungo nikakuta kipande cha kanga kimefungwa fundo, na ndani yake kile kidude. Nilikitambua papo hapo. Nilikiosha kwa mikono yangu hii, zamani, kabla hata ya rangi.

Baba yako aliporudi kazini nilikiweka mbele yake. Hakukana. Akaketi kizingitini, akasema, "Umemsahau baba mdogo Pazi?"

Sikumsahau. Unajua wazee wetu walivyoamini, kwamba mtu akiimaliza nyumba yake kabisa, mauti huja kuikagua. Ndiyo maana ungeona nyumba nzuri, imepigwa chokaa, lakini pembe moja ya ua haijakandikwa miaka nenda miaka rudi. Mzee Pazi aliwadharau wenye imani hiyo. Alikandika pembe zote, akatia mlango wa nakshi, na mwezi ule ule tukamzika. Baba yako ndiye aliyembeba miguuni.

"Baba anaishi kwa ajili ya gari hili," akaniambia. "Likiwaka, Mwajuma, atabaki na nini?" Na machozi yakamtoka, mtu mzima yule, mwenye grisi mpaka kwenye viwiko.

Nilimpenda sana saa ile, na nilimkasirikia vilevile. Mimi sikuumbwa na subira, unajua. Nilimwambia ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo linaloumia ni la baba yake. Asubuhi yake nikaandaa chai, nikaweka vikombe, nikaweka vitumbua, nikaweka na shaba.

Nilifunika kichwa kanga kama ilivyompasa mkwe, nikatua sinia mbele ya mzee, nikasogea mlangoni. Baba yako alipoona kilichomo alishika kikombe kitupu akakinywa. Babu yako alikichukua kile kidude, akakiinua kwenye mwanga, akachungulia tundu lake kwa jicho moja kama apimavyo ubao.

"Shomari, si ndicho hiki?"

"Ndicho, baba."

"Kilikuwa wapi?"

Baba yako akamweleza yote, na habari ya Mzee Pazi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atafoka, lakini alianza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, ikabidi asubiri pumzi.

"Pazi alikufa kwa homa," akasema. "Chokaa haina kosa. Sikiliza, mwanangu. Siku zangu kaziandika Mungu, hakuziandika fundi wa magari. Wewe huwezi kunipunguzia wala kuniongezea. Ulichoweza kunipunguzia ni safari, na hiyo umenipunguzia kweli. Kila Ijumaa nakaa mle ndani natazama makuti. Mie siogopi kufa. Naogopa kufa sijafika kwa dada, na gari liko uani."

Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka vinyweleo vinanisimama. "Yule seremala wa Ulaya alimaliza. Angeliacha kiungo kimoja kwa hofu, ningemjua vipi?"

Akamkabidhi mwanawe kile kidude, akaosha mikono, akaanza kula vitumbua.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Baba yako alikifunga kipande kile, nami nikamshikia spana. Majirani walishaanza kujaa ukutani, sijui nani aliwaambia. Babu yako akaketi kitini na kofia yake iliyodariziwa kwa mkono, si ile ya kazini. Baba yako akapiga hendeli, kile chuma cha kuwashia. Kimya. Akapiga tena. Kimya, na uso wake ukawa majivu. Akapiga mara nyingine, na kitu kikanguruma tumboni mwa ardhi.

Sijui nikwambieje. Mlio ule ulinipitia nyayoni kabla haujafika masikioni. Kuku waliruka, makuti yakatetemeka, maji yakacheza kwenye mtungi wangu, na miti ya mvule aliyoichonga yule mzee ikawa inapumua pamoja na chuma. Kitu kilichokufa kabla sijavunja ungo kilikuwa hai uani petu, na sisi ndio tuliokiosha, tukakichonga, tukakishona. Mzee Kondo alikuwa ameweka kiganja juu ya mlango, anaisikiliza mbao yake, na machozi yanamtiririka bila kuyafuta.

Wakatoka taratibu kuelekea mjini, washike barabara ya Bagamoyo. Vumbi la Temeke likawafunika, kisha nikasikia mlio tu, kisha hata mlio ukaisha. Hapo ndipo hofu ya baba yako ilipohamia kwangu. Nilishinda kutwa sipiki.

Walirudi jua likiwa bado lipo. Mzee alikuwa kijivu kwa vumbi, ameshuka mwenyewe bila kushikwa. Baba yako akanieleza kwamba Bi Tatu alitoka nje, akalizunguka gari lote, akapapasa mlango, asiseme neno, yeye ambaye hakuwahi kukosa neno. Mwisho akamwambia kaka yake, "Kondo, leo umekuja umeketi." Wakalia wote wawili pale barabarani.

Usiku ule sikulala vizuri, nikitega sikio kwenye kikohozi chake. Kulipokucha nilimkuta uani, amesimama na futi yake ya seremala mkononi, anapima banda.

"Mkwe wangu," akaniambia, "gari limekwisha. Sasa jiko lako liwe wapi?"

Alinijengea jiko lile, mwanangu. Aliwahi kukuona na wewe, ukalalia kitanda alichokichonga. Siku zake zilipofika alikwenda, baada ya chakula cha mchana, na gari siku hiyo lilikuwa limelala tu. Lilikuja kuuzwa baadaye, likaenda zake, wala sikulililia.

Sasa sikiliza sababu. Nyumba yako kule Chanika, uliyoniahidi kunipeleka kuiona, imekwisha. Najua, nilimuuliza fundi wako. Umebakiza mlango wa mbele, na kila nikikuuliza unaniambia mbao hazijakauka. Mbao gani hizo, mjukuu wa seremala, na jua lote hili? Umemsikia mama yako anakohoa, umehesabu vidonge vyangu mezani, ukasema moyoni: acha asubiri kidogo, akisubiri hataondoka. Umemfuata baba yako, na hakuna aliyekufundisha. Nakupenda kwa hilo, kama nilivyompenda yeye.

Lakini usimfunge umpendaye kwenye kazi isiyokwisha. Humzuilii mauti, unamzuilia furaha tu. Ulichokianza kwa mapenzi kimalize kwa mapenzi, tena mwenyewe akiwa na macho ya kukiona. Na kikimalizika, uliza mara moja kinachofuata ni nini, kama alivyouliza babu yako akiwa na vumbi la safari bado kwenye nyusi.

Mungu akupe mikono inayomaliza, akupe na watu wa kukungojea mlangoni. Akubariki wewe, mkeo na watakaozaliwa ndani ya nyumba ile. Sasa nenda katie mlango, mwanangu, na Ijumaa uje unichukue. Nataka nije nimeketi.