Aika, Fundi Aliyeweka Taa Mdomoni mwa Mama Lembris

Akili yangu bado inakataa. Juzi tu Aika alinipigia akinigombeza kwamba sipokei simu. Leo naandika "marehemu" mbele ya jina lake. Jamani!

Wengi mnamjua kama fundi kompyuta wa Kimandolu. Mimi natengeneza meno bandia, na namjua kwa kazi nyingine kabisa.

Ilikuwa miaka ile kompyuta za mtumba zimeanza kumiminika mjini. Mama Lembris wa Kisongo alipata kiharusi, ulimi ukawa mzito, maneno hayatoki. Mwanawe wa pekee anaoa, na ukoo umeamua shangazi ndiye atamke baraka badala yake. Mama alilia mbele yetu.

Aika akaniambia, "Shirima, tengeneza kibamba chembamba cha plastiki cha kubana kwenye kaakaa, kama meno bandia ila bila meno. Sensa, vile vitaa vya kupima mwanga, niachie mimi."

Vitaa vidogo vinamulika ulimi. Ulimi ukikaribia, mwanga mwingi unarudi, na mstari kwenye screen ya kompyuta unapanda. Mama angeona mwenyewe ulimi wake unafika wapi.

Siku ya testing, mstari ukapanda mpaka juu ukaganda! Mara ya pili vilevile. Aika akafungua mashine yote, akafunga, akafungua tena. Mbishi yule!

Mara ya tatu Mama akaja na kibuyu chake cha maziwa, maana mtu wa Kisongo haji mikono mitupu, tukanywa pamoja kama kawaida. Aika akamwangalia mdomoni.

"Mungu wangu, ni maziwa! Ulimi mweupe pee, mwanga utaacha kurudi?"

Tulicheka mpaka Mama naye akacheka. Kuanzia hapo ikawa kusukutua na kupima kwanza, maziwa baadaye.

Wiki kwa wiki Mama alifanya mazoezi ya ulimi akitazama mstari, Aika pembeni: "Pandisha, mama! Bado kidogo!"

Harusini shangazi akasimama. Mama Lembris akamketisha, akachukua mic. Alitamka baraka zote mwenyewe, taratibu, neno kwa neno. MC alipotaka kumkatisha, alinyamazishwa kwa kidole! Aika alipiga vigelegele kuliko mama wa bibi harusi.

Watu walisema kurudisha sauti ya mgonjwa si kazi ya fundi wa mtaani. Dada, uliwashinda wote.

Jana nilimpigia Mama Lembris kumpa taarifa. Akasema, safi kabisa, "Mwambie mchungaji, baraka ya Aika nitaitamka mimi."

Lala, rafiki yangu. Utasindikizwa na sauti uliyoirudisha.